Krismasi kwenye nyumba za walowezi: zamu ya wajukuu wa wachuma kahawa kuingia ndani

Ikifika katikati ya Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kaskazini haina nafasi. Pale kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, tiketi za Moshi na Arusha zinagombewa tangu alfajiri. Magari madogo yanafuatana Chalinze hadi Korogwe, Same hadi Mwanga, mizigo imefungwa juu kwa kamba, na tangu treni ya abiria irejee Moshi Desemba 2019 wapo wanaoona heri kulala njiani kwenye behewa kuliko kupambana na nauli za msimu. Wanakwenda nyumbani: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu, Mwika, Rombo. Majumba yaliyokaa kimya mwaka mzima yakilindwa na kijana mmoja yanafunguliwa madirisha. Magodoro yanaanikwa juani, mbuzi anafungwa nyuma ya nyumba, mbege inaanza kuiva pipani.

Wiki hizohizo, kwenye miteremko hiyohiyo, zipo nyumba nyingine zinazopambwa. Ni nyumba za mashamba makubwa ya zamani, zile za kuta nene, baraza pana na dohani ya matofali, ambazo Wajerumani, Makaburu, Wagiriki na Waingereza walizijenga kuanzia Karatu mpaka Marangu. Gibb's Farm kule Karatu ni nyumba ya shamba la kahawa la mwaka 1929. Marangu Hotel nayo ilianza kama shamba kabla ya kupokea wageni katika miaka ya 1930. Nyingine zipo Usa River, Tengeru, Kibosho na Lyamungo. Baadhi ni hoteli za watalii, baadhi ni makazi ya meneja, baadhi zimebaki magofu yenye popo. Zile zilizo hai huwekwa mti sebuleni, taa za rangi barazani, moto wa kuni jioni, na wageni kutoka Munich na Chicago hukaa mezani kula bata mzinga.

Sikukuu hizi mbili zinafanyika kilomita chache moja kutoka kwa nyingine na hazikutani. Mimi naona ni hasara kubwa, na hasara yenyewe inatugusa sisi wenyeji kabla ya mtu mwingine yeyote. Nyumba zile zilijengwa na kuendeshwa kwa mikono ya babu na bibi za watu haohao wanaoshuka kwenye mabasi Desemba. Mwezi ambao wajukuu wote wako nyumbani, wana nafasi, wana watoto wa kuwaonesha kitu, ndio mwezi ambao mlango wa historia yao umefungwa kwao na kufunguliwa kwa wengine.

Wenzetu wa mbali walikwishajua la kufanya na nyumba za namna hii. Kule Asheville, jimbo la North Carolina nchini Marekani, ipo Biltmore, nyumba ya vyumba 250 iliyojengwa na tajiri George Washington Vanderbilt kati ya mwaka 1889 na 1895. Aliifungua kwa ndugu na marafiki mkesha wa Krismasi wa 1895, kwa hiyo Krismasi ndiyo siku ya kuzaliwa ya nyumba ile. Mpaka leo, ukifika msimu huu, ukumbi wa chakula wenye dari ya futi 70 husimamishwa mti wa futi 35, ngazi na meko hupambwa, na jioni watu huingia kwa mwanga wa mishumaa. Mwaka 1930, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, familia iliamua kufungua nyumba kwa umma ili mji upate wageni na nyumba ipate fedha za kujitunza. Bado inamilikiwa na ukoo uleule, na watu bado wanalipa kiingilio.

Ningekuwa nataka kusifia mti na mishumaa ningeishia hapo. Kinachonivuta mimi ni sehemu ya ziara inayokwenda chini, orofa ya ardhini. Mgeni akishamaliza kushangaa juu, anashushwa kuona jiko, chumba cha kufulia, stoo, na vyumba vya kulala vya watumishi wa kike. Hapo ndipo nyumba inapoanza kueleweka: vyumba 250 havijifagii, na karamu ya mkesha wa Krismasi inapikwa na mtu ambaye mkesha wake mwenyewe unapita akiwa amesimama.

Lakini hata Biltmore ina jambo ambalo taa za Krismasi hazilimuliki vya kutosha. Sehemu ya ardhi ile ilikuwa makazi ya Shiloh, jamii ya Wamarekani weusi waliojenga maisha yao pale baada ya utumwa kukoma. Vanderbilt alinunua maeneo yao, na kanisa pamoja na makaburi vikahamishwa. Msomaji wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa uzito wa kuhamisha kaburi. Kwetu kaburi la babu liko kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, hatua chache kutoka jikoni, na Krismasi ya familia inayojiheshimu haianzi kabla majani hayajafyekwa pale na mtoto aliyezaliwa mjini hajaoneshwa: huyu ndiye babu yako.

Tofauti yetu na Asheville iko hapa. Kule, wengi wanaokwenda kuangalia mti wanakwenda kuangalia utajiri wa mtu wasiyehusiana naye. Huku, tukifungua milango, watakaoingia ni kizazi cha waliochimba msingi.

Mwaka jana nilialikwa na rafiki anayefanya kazi kwenye utalii kuangalia nyumba moja ya shamba chini ya Mlima Meru, ikiwa imeshapambwa kwa sikukuu. Nitaiacha bila jina kwa sababu ninachotaka kusema kinahusu nyumba nyingi. Mti ulikuwa tawi kubwa la saiprasi lililosimamishwa kwenye pipa la mchanga, limezungushiwa taa, na juu ya majani wamebandika pamba ya hospitali iwe theluji. Sakafu ya mbao imepigwa nta hadi unaona sura yako. Juu ya meko, na kwenye korido yote inayokwenda vyumbani, zimetundikwa picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe, na chini ya kila picha kuna kikaratasi kilichochapwa kwa taipureta. Nilizisoma moja moja. Mwenye shamba ana jina. Mkewe ana jina. Farasi wana majina, na mbwa wawili waliolala miguuni pa yule mama wana majina. Halafu kuna picha ya watu kama arobaini hivi, wamejipanga mbele ya vichanja vya kuanikia kahawa, wanawake mbele na wanaume nyuma, mmoja amebeba mtoto mgongoni, na kikaratasi chake kinasema tu kwamba hawa ni wafanyakazi wakati wa mavuno.

Nilisimama pale muda mrefu. Watu wale wana wajukuu, na baadhi ya wajukuu hao, wiki ileile, walikuwa wanateremka stendi ya Usa River na Tengeru wakiwa na mabegi. Pengine mmoja wao angemtambua mama yake mgongoni mwa bibi yake. Hakuna aliyemwita aje aone.

Bibi yangu mzaa baba alichuma kahawa kwenye shamba la mlowezi upande wa Kibosho alipokuwa msichana. Alitusimulia mara nyingi jinsi malipo yalivyohesabiwa kwa debe, na jinsi nyapara alivyokuwa akitikisa debe ili buni zishuke uonekane hujajaza. Krismasi ilipofika, wafanyakazi walipangwa foleni mbele ya nyumba: sukari, chumvi, kipande cha kaniki, na peremende kwa watoto. Tulipomuuliza nyumba ilikuwaje ndani, jibu lake lilikuwa moja siku zote. "Tuliishia barazani. Ndani aliingia mpishi na yaya." Alizeeka akijua kila mti wa shamba lile, na hakuwahi kukanyaga sebule ambayo kahawa yake ililipia kila ubao. Huko Biltmore nako watoto wa wafanyakazi waliandaliwa sherehe na zawadi za Krismasi. Sidharau zawadi ile, bibi yangu mwenyewe aliipenda. Ninachosema ni kwamba mtu anayepewa sukari barazani ana hadithi yake ya sikukuu, na nyumba inayotaka kuitwa ya kihistoria inapaswa kuisimulia kwa ukubwa uleule wa hadithi ya waliokuwa mezani.

Na hadithi yenyewe huku kwetu ni nzito kuliko sukari na chumvi. Machi 1900, pale Old Moshi, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, akiwamo Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, ambaye kichwa chake ukoo wake unaendelea kukitafuta. Mwaka huohuo ngome ya Arusha, Boma, ilikuwa inajengwa, na waliolazimishwa kuijenga ni Waarusha na Wameru waliokuwa wametoka kushindwa vitani. Mashamba makubwa yalifuata nyuma ya ngome. Ardhi yenye maji, ile ambayo mifereji ya ukoo ilikuwa ikipita tangu zamani, ilikatwa na kugawiwa. Nguvu kazi ikatafutwa kwa kodi ya kichwa, kwa kipande, ile kadi ya kazi ya lazima, na kwa kuleta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali. Biashara ya kuwahamisha watu haikuisha na Wajerumani. Novemba 1951, chini ya Waingereza, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Ngarenanyuki kwa nguvu ili walowezi wapate eneo la kufugia, nyumba zao zikachomwa, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri mpaka Umoja wa Mataifa kuwasemea. Nyingi kati ya familia zile zilikuwa za Kilutheri. Krismasi ya 1951 iliwakuta hawana kwao, wakati upande wa pili wa mlima taa zikiwashwa kwenye nyumba za mashamba kama kawaida.

Wapo watakaosema basi, kama historia yenyewe ni hiyo, nyumba hizi za nini? Ziache zianguke. Nimesikia hoja hii kwa vijana wenye akili na kwa mzee mmoja wa kanisa ninayemheshimu sana, na ninaielewa hasira iliyomo. Lakini nyumba ikianguka, anayenufaika ni nani? Ushahidi ndio unaoanguka. Mti wa Old Moshi ambako Meli alinyongewa bado upo, na kwa sababu upo, watu wa Tsudunyi wameweza kuweka kumbukumbu pale na maonesho yaliyofunguliwa mwaka 2019, na mwanafunzi wa leo anapelekwa na kuoneshwa kwa kidole. Boma la Arusha ni makumbusho ya taifa leo. Mtoto wa shule anaingia kwa bei ya mwananchi, anazunguka ndani ya kuta zilezile ambazo babu wa babu yake alizibebea mawe. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Boma lingevunjwa Arusha ingekuwa imeshinda kitu.

Wengine wana hoja ya pili, kwamba kupamba nyumba ya mlowezi ni kuupamba ukoloni wenyewe. Hii nayo inahitaji kujibiwa kwa makini, kwa sababu hatari ipo kweli. Mti, mishumaa na muziki laini vina nguvu ya kulainisha kila kitu. Ukiingia kwenye nyumba iliyopambwa vizuri, moyo unapoa, na moyo ukishapoa hauulizi maswali. Ndiyo maana mimi siungi mkono ziara ya mapambo matupu. Uingereza walipita kwenye mgogoro huu. Shirika lao la kutunza nyumba za kihistoria, National Trust, lililoanzishwa 1895, lilitoa ripoti Septemba 2020 iliyotaja mali 93 zenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Watu walikasirika, magazeti yakapigana, wapo wanachama waliosema wameharibiwa starehe yao. Nyumba zikaendelea kupambwa Krismasi na watu wakaendelea kwenda, ila sasa ukweli umeandikwa na haufutiki. Ningependa nasi tuanzie hapo walipofika wao, tusisubiri kugombana miaka mia ndipo tubandike majina kwenye picha.

Tena mapambo yenyewe si kitu cha kuogopa kukigusa. Fasheni ya mti wa Krismasi ilienea Uingereza baada ya gazeti moja la London kuchapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti Windsor, Desemba 1848. Mei ya mwaka huohuo mmisionari Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa macho yake, na msomi William Cooley huko London akamkatalia kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Kwa hiyo pale nilipokuwa nimesimama sebuleni, pamba ya hospitali ikiwa juu ya saiprasi, ungetoka barazani asubuhi kabla mawingu hayajapanda ungeiona barafu halisi upande wa mashariki. Nyumba za huku hazina haja ya kuiga baridi ya Ulaya. Desemba ya Moshi ina mikrismasi iliyochanua maua mekundu kando ya barabara, ina mikungu ya ndizi, ina kahawa ya mwisho kwenye vichanja. Pamba kwa hivyo. Isale pekee, ule mmea wa mila ya Wachagga, ndilo ningeomba liachwe. Lile lina kazi yake ya kuombea msamaha na kulinda mpaka wa kihamba, na wazee hawatafurahi kuliona limefungwa utepe mlangoni mwa hoteli.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba nyumba nyingi kati ya hizi, kwa haki kabisa, ni za wananchi. Mwaka 1973 serikali ilitaifisha mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi mkoani Kilimanjaro, na mengi yakakabidhiwa vyama vya ushirika. Mpaka leo vyama vya msingi vinamiliki mashamba ambayo ndani yake imesimama nyumba ya mwenye shamba wa zamani, na mara nyingi shamba limekodishwa kwa mwekezaji, nyumba ikiwa stoo ya mbolea, ofisi ya muda au gofu. Nimepita kwenye nyumba ya aina hiyo upande wa Kibosho. Vigae vya paa vimeng'olewa, mlango wa mbele umefungwa kwa waya, na ndani mabaki ya meko yamejaa magunia. Mwanachama wa chama cha msingi anaipita kila siku akienda kufyeka, na hajui kwamba katika karatasi za ushirika ile ni nyumba yake na wenzake.

Hapo ushirika una la kujivunia kuliko mlowezi yeyote. Walowezi wa miaka ya 1920 walitaka Mwafrika azuiwe kulima kahawa ya arabika. Wakulima wa Kilimanjaro wakajibu kwa kuunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu kilichouza kahawa ya wenyeji na kusomesha kizazi kizima. Waliokulia huku wanakumbuka Krismasi ya kahawa ilivyokuwa: malipo ya pili yakitoka kabla ya sikukuu, nyumba nzima inapata nguo, yasipotoka, sikukuu inakuwa ya mtori. Hiyo nayo ni hadithi ya Krismasi ya Kilimanjaro, na mahali pa kuisimulia kwa nguvu zote ni ndani ya sebule ya mtu aliyetaka kahawa ile isipandwe. Weka mezani vitabu vya hesabu vya chama cha msingi. Weka mizani ya zamani. Weka debe.

Misheni nazo zisisahauliwe, maana ndizo zilizoleta sikukuu yenyewe. Kilema Wakatoliki walifika mwaka 1890 na huko ndiko kahawa ya mlimani ilikoanzia; Walutheri wa Leipzig walikuja 1893 wakaanzia Machame, na huko Kidia, Old Moshi, Bruno Gutmann alifanya kazi miaka mingi akiandika sheria na mila za Wachagga. Majengo yao yapo, makanisa yanajaa Desemba kiasi cha watu kukaa nje kwenye viti vya plastiki. Ibada ikiisha, watu wanasalimiana nusu saa uani, kisha kila mmoja anakwenda kwenye nyama yake. Nyumba ya mapadri au ya wachungaji wa zamani iko pale pembeni, imefungwa. Kuifungua mchana mmoja kwa waumini walewale, mwinjilisti mstaafu akaeleza nani alikuwa nani, hakuhitaji bajeti. Kunahitaji funguo na mzee mmoja mwenye sauti.

Najua wenye hoteli watauliza kuhusu wageni wao, waliolipa wapate utulivu. Swali lao ni halali. Desemba ni msimu wao mkubwa na mishahara ya vijana wetu wengi inatoka pale. Lakini mgeni wa kutoka mbali aliyekaa siku nne akiangalia tembo na twiga, siku ya tano akakutana barazani na bibi wa miaka themanini anayetambua watu kwenye picha ya korido, atakuwa amepata kitu ambacho hakuna hifadhi inayokiuza. Siombi hoteli ziwe stendi. Nataja asubuhi moja, tuseme tarehe 27 au 28 Desemba watu wakiwa wameshamaliza ndafu na bado hawajaanza safari ya kurudi, wenyeji waingie kwa makundi, kwa bei ya wenyeji, watoto bure, na mwongozaji awe mtu wa kijiji kile anayejua majina ya mifereji. Jikoni pafunguliwe. Chumba cha mpishi, mara nyingi kile kijumba cha nyuma chenye dirisha dogo, kipambwe kama sebule ilivyopambwa, na paelezwe alikuwa anaamka saa ngapi.

Kuna wanaodhani wenyeji hawana utamaduni wa kutembelea mahali. Anayesema hivyo hajaenda maporomoko ya Marangu tarehe 26 Desemba. Familia zinatoka na mashuka, na mapochopocho, watoto wamevaa nguo za sikukuu hata kwenye tope. Pikipiki zinapanda na kushuka kutwa. Watu wanatafuta mahali pa kuwapeleka watoto waliozaliwa Sinza na Mbagala, wasiojua Kichagga, wanaouliza babu alikuwa anafanya kazi gani. Hadi sasa tunawaonesha maji yanayoanguka na lango la kupandia mlima, vitu vizuri sana, lakini havijibu swali lao.

Kitakachotukwamisha ni muda. Aliyekuwa na miaka ishirini mashamba yalipotaifishwa 1973 sasa ana zaidi ya sabini. Waliochuma kahawa miaka ya 1950 wamebaki wachache, na wengi wao hawashuki tena mpaka barabarani. Ndio pekee wanaoweza kusema yule mwanamke wa mbele aliyebeba mtoto ni nani. Kwa hiyo kazi ya kwanza haimsubiri mwenye hoteli wala halmashauri wala wizara. Desemba hii, mwenye nyumba ya kihistoria apige picha za korido yake kwa simu na kumkabidhi mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti azipeleke kanisani Jumapili ya kabla ya Krismasi, watu wakiwa wote wamefika. Na wewe uliyekuja nyumbani na simu yenye kinasa sauti, keti na bibi yako uani, umwoneshe, umpe nafasi ya kukumbuka, uandike jina, ukoo na kijiji. Kisha orodha irudi kwa mwenye nyumba, naye achape vikaratasi vipya na kuvitundika chini ya picha kabla watu hawajarudi Dar es Salaam.